Kapu la kazi za mikono: mwongozo kamili wa kuwaandalia watoto pakiti za ufundi nyumbani

Likizo ya Desemba ilipoanza nilinunua boksi moja la kazi za mikono la watoto. Juu lilikuwa na picha ya kipepeo anayemetameta. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji vilivyokwisha kukatwa, vilivyokwisha kupakwa gundi nyuma, na kila kimoja kina namba yake. Wanangu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine tisa, walibandua na kubandika. Dakika ishirini, kazi imekwisha, na kesho yake hakuna aliyemgusa yule kipepeo. Wiki hiyo hiyo mkubwa alitumia siku tatu kutengeneza gari kwa boksi la maziwa. Magurudumu yaligoma mara nne kabla ya kukubali kuzunguka. Usiku alilala nalo.

Tangu hapo naandaa pakiti mwenyewe. Kanuni yangu ni moja, na utaiona katika kila kazi hapa chini: mtu mzima afanye yale tu ambayo mkono wa mtoto hauyawezi au yana hatari kwake. Yote yaliyobaki aachiwe mtoto, hata kama atayafanya upande. Boksi la dukani lilikuwa limekosea hapo. Kazi yote ilikuwa imekwisha kufanywa kiwandani, watoto wakabakiziwa kubandika.

Kapu na pakiti

Kapu ni la vifaa vya pamoja. Mimi natumia kapu la ukili lenye mfuniko, ila ndoo yenye mfuniko inafaa vilevile. Weka mkasi wenye ncha butu kwa kila mtoto (mkasi mmoja kwa watoto wawili ni ugomvi), rula, penseli, selotepu, uzi wa kushonea wa rangi usizozihitaji, brashi mbili, na kitambaa cha kufutia mikono.

Pakiti ni ya kazi moja. Ni bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi wenye kila kitu kinachohitajika kwa kazi hiyo, na juu yake umechora kitu kitakachotoka. Kuchora ni bora kuliko kuandika, kwa sababu asiyejua kusoma naye atachagua mwenyewe. Andaa pakiti nne au tano kwa mpigo, usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. Ukianza kutafuta kizibo cha nne wakati mtoto amekaa tayari, hamu yake inaondoka kabla hujarudi.

Malighafi nyingi huna haja ya kununua. Mwombe fundi cherehani akuwekee vipande vya kitenge vinavyobaki, maana vingi huishia kutupwa. Kalenda za mwaka uliopita, maboksi ya maziwa na juisi, vizibo vya chupa za maji, chelewa zilizochomoka kwenye fagio, mbegu za ukwaju: vyote hivi vikusanywe mwezi mzima kwenye mfuko mmoja nyuma ya mlango wa jikoni.

Mambo ambayo sina msalie Mtume nayo

Kama nyumbani yupo mtoto wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopita ndani ya lile bomba la katoni la karatasi ya chooni kisimkaribie. Kizibo kinapita, shanga inapita, mbegu ya ukwaju inapita. Puto lililopasuka ni hatari kuliko yote, kwa sababu kipande chake kinaziba koo kama kifuniko. Betri bapa za saa na sumaku ndogo haziingii kwenye kapu langu kabisa.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto huziokota porini na kuzitunga uzi kwa sababu ya uzuri wake, zina sumu kali. Mbegu za mbarika nazo zina sumu. Ukizikuta kwenye kopo la hazina za mtoto, zitoe na mweleze sababu, usizitupe kimyakimya, maana ataokota nyingine.

Gundi ile inayoshika papo kwa papo ni ya mtu mzima, na inakaa juu kabatini.

Gundi ya unga

Hii ndiyo gundi ya kazi zote za karatasi hapa. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga kama unasonga uji, acha utokote dakika mbili, kisha epua. Ikipoa inakuwa nzito. Kijiko kimoja cha siki kinachelewesha ukungu. Ndani ya friji inakaa karibu wiki moja. Nje, kwa joto letu, iangalie kila siku na uimwage ikianza kunuka.

Pakiti ya kwanza: shanga za karatasi

Umri: kuanzia miaka sita. Hii ni kazi ya kukaa kwenye mkeka mchana wa mvua. Kampala kuna wanawake wengi wanaojipatia riziki kwa shanga hizi hizi, na mbinu ni ileile: pembetatu ndefu inayoviringwa.

Chukua karatasi ya ukubwa wa A4, ya kalenda au jarida lenye rangi. Kwenye upande mfupi wa juu weka alama kuanzia pembeni kabisa, kila baada ya sentimita 2. Kwenye upande mfupi wa chini anza na sentimita 1, kisha endelea kila baada ya sentimita 2. Unganisha alama za juu na za chini kwa mistari ya kwenda na kurudi, kama meno ya msumeno. Utapata pembetatu 20 na vipande viwili vya pembeni vya kutupa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kupima mwenyewe. Kwa wa miaka sita, chora mistari wewe, yeye akate.

Kuviringa kuna siri moja. Anza na upande mpana juu ya kijiti cha meno, zungusha mara mbili bila gundi, ndipo upake gundi kwa ndani na uendelee. Gundi ikianza tangu mwanzo, shanga inagandia kijiti na haitoki tena. Ncha ya pembetatu ibaki katikati kila unapozungusha. Ikikimbilia upande mmoja, rudisha nyuma mizunguko mitatu na uanze hapo. Ncha ikifika mwisho, paka tone la gundi, bana kwa vidole mpaka uhesabu kumi, kisha chomoa.

Zikauke usiku kucha. Asubuhi mtu mzima azipake rangi ya kucha isiyo na rangi, nje penye hewa, kwa sababu ya harufu. Bila hivyo shanga zitalainika siku ya kwanza mtoto atakaponawa nazo. Shanga saba zinatosha bangili ya mkono wa mtoto, na ukiweka mbegu ya boga iliyotobolewa katikati ya kila shanga mbili, inapendeza zaidi.

Shanga tatu za kwanza zitakuwa mbaya. Usizifiche. Binti yangu alizitunga zile mbaya mwishoni karibu na fundo, na anajua zilipo.

Pakiti ya pili: gari la boksi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu gari ndilo linalomfundisha mtoto kufikiri kwa mikono.

Ndani ya pakiti: boksi moja la maziwa au juisi lililooshwa na kukauka, vizibo vinne vya chupa vinavyolingana, vijiti viwili vya mishikaki vilivyokatwa ncha, mrija mmoja, uzi wa kuvutia.

Kazi ya mtu mzima ni moja tu: kutoboa vizibo. Hata hivyo mtoto ndiye atakayekuonyesha pa kutoboa. Aweke kizibo juu ya karatasi, achore duara kwa kukizungushia penseli, akate hilo duara, alikunje katikati, kisha alikunje tena. Akilifungua, mikunjo inapokutana ndipo katikati. Alibandike juu ya kizibo na atie alama. Wewe shika msumari mwembamba kwa koleo, upashe moto, utoboe hapo ukiwa nje, na usivute moshi wa plastiki. Tundu liwe jembamba kidogo kuliko kijiti, ili kizibo kibane. Gurudumu halipaswi kuzunguka juu ya kijiti. Kijiti na gurudumu vinazunguka pamoja ndani ya mrija. Watoto wengi hawalijui hili, na baadhi ya watu wazima pia.

Kazi iliyobaki ni ya mtoto:

1. Akate mrija vipande viwili, kila kimoja kirefu kuliko upana wa boksi kwa sentimita 1. Nusu sentimita ichomoze kila upande, isije gurudumu likasugua boksi.
2. Apime kutoka ukingo wa mbele wa boksi, kushoto na kulia, umbali ule ule, achore mstari. Afanye hivyo nyuma pia. Abandike mirija juu ya mistari kwa selotepu.
3. Apitishe vijiti, akate vibaki na sentimita 1 na nusu nje ya mrija kila upande, kisha asukumie vizibo.
4. Ajaribu kabla ya kupamba.

Hatua ya nne ndiyo ngumu kwao, kwa sababu wanataka kupaka rangi mara moja. Lakini gari lililokwisha kupakwa rangi hakuna mtoto anayekubali kulibomoa. Laza kibao cha kukatia mboga juu ya vitabu viwili kiwe mteremko, na gari lishushwe hapo.

Likigoma, jizuie. Mwanangu alikuja mara ya kwanza akasema, "Mama, limegoma." Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kulichukua. Nikaurudisha, nikamuuliza, "Linagomea wapi? Hebu lisukume polepole, uangalie gurudumu moja moja." Akaona mwenyewe kwamba la nyuma kushoto linagusa boksi. Majibu ninayoyajua ni haya, na ni kwa ajili yako, si ya kumtangulizia: likienda kwa kukata kona, mirija haiko sambamba, likirukaruka kama linapita matuta, tundu la kizibo halipo katikati, likisimama ghafla, ama kijiti kimebana ndani ya mrija, ama gundi imeingia humo, likiteleza bila magurudumu kuzunguka, vizibo vimelegea kwenye vijiti, na kipande cha karatasi kilichosokotwa ndani ya tundu kinatosha kubana.

Kwenye sakafu ya saruji vizibo vinatosha. Kwenye mchanga vinazama. Hapo ndipo ndala zilizokatika zinapopata kazi: chora duara la sentimita 6 kwa kufuatisha mdomo wa kikombe kidogo, mtu mzima akate kwa kisu kikali, na gari linapita uani kama trekta. Kama watoto watauliza ndala zinaweza kufanya nini kingine, waambie kuhusu Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kufunikwa kwa vipande vya ndala zilizookotwa ufukweni, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Wangu waliposikia hivyo, waliomba kwenda kuokota ndala pwani siku hiyo hiyo.

Pakiti ya tatu: karatasi inayobadilika rangi

Hii ni fupi na inafaa umri wowote kuanzia miaka minne, ukiwa karibu. Koroga vijiko viwili vidogo vya manjano katika robo kikombe cha maji ya vuguvugu. Mtoto apake karatasi nyeupe kwa brashi, pande zote, aianike ikauke kabisa, kisha aifute vumbi la juu. Kwenye kikombe kingine yeyusha nusu kijiko kidogo cha magadi. Sasa achovye kijiti chenye pamba kwenye maji ya magadi, aandike juu ya karatasi ya njano. Maandishi yanatoka mekundu, rangi ya udongo. Akiyapitishia maji ya ndimu, yanarudi kuwa njano.

Sababu umeshaiona mara nyingi kwenye beseni la kufulia. Shati jeupe lenye doa la mchuzi wa bizari likiguswa na sabuni ya kipande, doa linageuka jekundu. Rangi iliyomo ndani ya manjano huwa nyekundu ikikutana na kitu kama magadi, sabuni au maji ya majivu, na hurudi njano ikikutana na uchachu. Mwache mtoto azunguke jikoni akijaribu siki, maji ya chumvi, maziwa mtindi, maji ya majivu, na achore jedwali la alichokiona. Anawe mikono akimaliza, asipeleke magadi machoni, na avae nguo ambayo hutaililia.

Pakiti ya nne: udongo

Kama unapata udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, tumia huo, unga ubaki jikoni. Mimi sipendi kumzoesha mtoto kuchezea chakula wakati jirani anakopa nusu kilo. Ponda udongo, chekecha, toa mawe, lowesha mpaka ushikane bila kunata mikononi. Ng'ombe, vyungu, vibuyu, watafinyanga bila kufundishwa. Waonyeshe jambo moja tu: pembe au mkono ukibandikwa hivi hivi utadondoka ukikauka. Kwaruza sehemu zote mbili kwa kijiti, paka tope jepesi, kisha kandamiza. Anika kivulini siku tatu, maana jua kali linaupasua udongo.

Usipoupata, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, ukande dakika kumi. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa tumbo la mtoto, basi wale wadogo wanaopeleka kila kitu mdomoni wasiachwe nao peke yao.

Pakiti ya tano: tiara

Tulipokuwa wadogo tiara ilikuwa ya rambo. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku, Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania Bara mwezi Juni 2019, gazeti likarudi kwenye nafasi yake, nami nafurahi, kwa sababu tiara ya gazeti ikinasa mtini inaoza.

Chelewa ina upande mnene na upande mwembamba. Ukitumia moja moja, tiara italemea upande. Kwa hiyo kila mti wa tiara uwe chelewa mbili zilizolazwa kinyume, unene wa moja ukikutana na wembamba wa nyingine, zikafungwa uzi sehemu tatu. Mti wa wima uwe sentimita 60, wa kukata uwe 50. Vikutane sentimita 15 kutoka kichwani, na mfunge kwa msalaba wa uzi mara sita. Kisha jaribu kuuning'iniza mti wa kukata juu ya kidole katikati: ukiinama upande mmoja, punguza upande huo kidogo kidogo kwa mkasi. Kazi hii mtoto anaipenda, mwachie.

Zungusha uzi kupitia ncha zote nne uwe fremu. Laza juu ya gazeti, kata ukibakiza sentimita 2 nje ya uzi, paka gundi ya unga, kunja. Ikikauka, geuza upande wa karatasi uje juu. Funga uzi kwenye ncha ya kichwa na ncha ya mkia, uzi huo ubaki na urefu wa sentimita 80, na uufanyie kitanzi kidogo mahali panapoelekeana na makutano ya miti, juu yake kidogo. Uzi wa kurushia unafungwa kwenye kitanzi hicho. Mkia uwe wa vipande vya kitenge vilivyofungwa kwa mafundo, jumla mita 3.

Nendeni uwanjani alasiri, mbali na nyaya za umeme na barabara. Kama majani na vitawi vinacheza, upepo unatosha. Kama vumbi linapaa na miti inainama, karatasi itachanika, rudini kesho. Mtu mzima ashike tiara akiwa hatua ishirini upande unakoelekea upepo, mtoto ashike uzi na ampe mgongo upepo. Ukiiachia, yeye avute, asikimbie. Ikizungukazunguka kama imelewa, ongezeni mkia. Ikikataa kupanda, sogezeni kitanzi kuelekea kichwani kwa upana wa kidole kimoja, mjaribu tena. Bebeni selotepu na vipande viwili vya gazeti mfukoni, kwa sababu mara ya kwanza itaanguka kwa kichwa, na tundu linazibwa hapo hapo nyasini. Ikinasa kwenye waya wa umeme, achieni uzi papo hapo, msiuguse tena, mwiache.